Neno Lililotuchimbisha Mfereji

Bwera, Jumatatu

Kwa ndugu yangu Sosthène, Butembo,

Salamu zangu zikukute mzima, wewe na mama Martine na wale watoto wenu wasiokwisha. Mimi magoti yanalia kama mlango wa zamani, lakini kichwa iko sawa. Tena siku hizi Kiingereza changu kimepanda mpaka mukubwa wa kanisa kutoka Kasese ananiita nimtafsirie. Haya, nimedanganya. Aliniita nimletee kiti.

Unajua kanisa letu liligawanyika mwaka jana. Sisi wa ngoma tukabaki ndani, wale wa kinanda cha betri wakahamia ghala la kahawa, na aliyewaongoza ni nani kama si Proscovia, mke wangu wa ndoa! Nyumbani akawa ananiwekea bundu ya muhogo kwenye stuli bila kunisemesha, yeye anakula jikoni na kuku. Mwaka mzima, bwana, ninakula kama mfungwa.

Basi ikaja barua ya Kiingereza kutoka Kasese, pande zote mbili tukaitwa kuisikiliza. Katekista alisoma vizuri mpaka akafika kwenye neno "schism". Akalisema "sichisimu", akalisema "sikizimu", jasho likamtoka. Nikasimama nikawaambia hiyo ni skimu, mukubwa anasema Bwera kuna skimu, na Jumapili anakuja kuiona. Skimu ya maji, kama ile ya Mubuku!

Mama mmoja akauliza iko wapi, mbona hatujaiona. Nikamjibu ndiyo maana tuichimbe haraka, mgeni asije akaipeleka Munkunyu. Jumamosi wa ngoma na wa kinanda wakashika majembe, wakavuta mfereji kutoka kijito mpaka kabichi za kanisa. Proscovia akaniambia nisogee, ati ninachimba kama kuku anayetafuta mchwa. Nikasogea kwa furaha. Lilikuwa tusi lake la kwanza kwangu tangu wahame.

Jumapili tukajazana kanisa moja, ngoma na kinanda vikagombania wimbo mmoja. Mgeni akauliza hiyo schism iko wapi. Proscovia akamshika koti, akampeleka mferejini. Mzee wa watu alicheka mpaka akatafuta pa kukaa. Akatueleza kwamba neno lenyewe hutamkwa "sizimu", Waingereza walilitoa kwa Wagiriki, maana yake ni kupasua, na husemwa zaidi kanisa likipasuka. Proscovia akamjibu palepale kwamba hapa kilichopasuka ni udongo, watu beko wazima. Mke wangu huyo, Sosthène! Nilipiga ngoma mpaka ngozi ikaomba huruma.

Sasa ghala limerudia kahawa. Mimi naitwa Profesa Skimu, hata na watoto, na Proscovia ananicheka huku tunakula sahani moja.

Nikufungulie wewe tu: neno lile nililijua. Siku niliyosali na nyinyi Wakatoliki, padri alihubiri kwa Kifaransa juu ya "schisme", nawe ukaninong'oneza kwamba ni kama shati kupasuka mgongoni, kila upande ukabaki na mkono wake. Katekista alipokwama, nilimwona Proscovia amesimama ng'ambo na watu wake, kanga imemning'inia. Amekonda. Nikaona afadhali aniite mjinga kwa kinywa chake kuliko aendelee kuninyamazia.

Nisalimie Martine na wote wa kwako. Mukishuka soko la Mpondwe, Proscovia atakuuliza kama kweli Kiingereza kinanishinda. Mimi niliapa uongo mbele ya Martine kwa ajili yako, kwamba mbuzi wenu alichukuliwa na mto. Sasa ni zamu yako: uape kwamba sijui hata "yesi".

Ni mimi mpiga ngoma,
Ezironi