Akina Joseph Kamau

Jumatatu, 3 Machi
Chai imepoa tena. Niko hapa nyumbani Lanet, kurasa kumi na moja wazi kwenye kompyuta, kila ukurasa unaisifu huduma yake. Nahitaji mahali pa kuweka data ya programu yangu ya maziwa. Huduma ya kwanza inataka kila kitu kwenye majedwali. Ya pili inapokea chochote unachoitupia. Zote zinasema zitanitunzia seva, mimi nilale tu. Sioni tofauti. Kikundi cha wafugaji Subukia kinataka jibu Ijumaa, la sivyo wanarudi kwenye daftari. Programu hii nimeitengeneza kwa miezi minne.

Jumanne, 4 Machi
Nimeweka data kwenye ya pili. Asubuhi niliipenda. Saa nane nilikuwa sijui kwa nini.

Jumatano, 5 Machi
Aibu tupu. Programu imesema ng'ombe wa Mzee Joseph Kamau yuko kwenye dawa, maziwa yake yasipokelewe kwa sababu yana dawa. Mzee amemwaga mkebe mzima mbele ya watu. Ng'ombe wake ni mzima kabisa. Nikailaumu huduma, nikahamisha kila kitu kwenye ya kwanza. Kosa lile lile! Nimechanganyikiwa. Nimelia kidogo, basi.

Alhamisi, 6 Machi
Nimeenda Subukia. Nyokabi, yule anayepima maziwa, alinitazama kwa huruma. "Kwani uliandika Kamau gani? Tuko nao watatu."

Binamu watatu. Wote wamepewa jina la babu mmoja, hadi la ubatizo. Mgonjwa ni ng'ombe wa Kamau wa huko juu. Mimi nilitambua watu kwa majina, programu ikawafanya mtu mmoja. Na mimi ni Wambui wa nne katika ukoo wetu! Ningewezaje kusahau? Najichukia leo.

Ijumaa, 7 Machi
Kila mfugaji sasa ana nambari. Nimebaki na huduma ya kwanza. Nimeiamuru ikatae mfugaji asiye na nambari, na inakataa kweli. Mengine bado siyaelewi vizuri.

Kwenye mkutano nimekiri kosa ni langu. Mwenyekiti akauliza nani anataka programu iendelee, daftari likiwa kando kama akiba. Mzee Kamau, yule aliyemwaga maziwa, ndiye aliyeinua mkono kwanza. Sikujua niangalie wapi.