Chumvi Inayopikwa na Jua

Kilwa Masoko,
Jumapili, baada ya ibada

Mama,

Shikamoo. Nimeiweka juu kabisa ili Amos anayekusomea asije akairuka. Na wewe Amos, mdogo wangu, soma polepole, usipunguze neno hata ukiona linakugusa. Habari za hapo Ivuna? Kifua kimepoa? Na yule mbuzi mwizi wa mahindi, bado mnaishi naye? Mimi ni mzima. Joto la huku linanitoa jasho hata nikiwa nimekaa, lakini wanafunzi wangu wa darasa la nne wameshanizoea na wameacha kucheka ninavyotamka maneno.

Nimeamua kuandika kwa sababu kwenye simu umenishinda. Nikitaja macho tu, unasema mtandao unasumbua. Baadaye Amos ananiambia mtandao ulikuwa mzuri, ni mama aliyekata. Sasa barua haikatiki. Jicho lako la kushoto limekwisha kuwa jeupe, Mama, na la kulia linalifuata. Madaktari wa macho watafika tena Vwawa mwezi ujao. Mara ile jina lako lilikuwa kwenye orodha, na asubuhi yake wewe ukabeba chungu ukaenda kwenye chumvi. Hilo ndilo lililonikalisha hapa leo. Ila kwanza nikusimulie niliyoyaona, maana nikikaa nayo peke yangu nitapasuka.

Wiki iliyopita Bi Zuhura, mama mwenye nyumba ninayopanga, alinipeleka kwenye mashamba ya chumvi alikofanya kazi tangu usichana wake. Ndiyo, mashamba! Wametengeneza matuta kama majaruba ya mpunga, wanaingiza humo maji ya bahari, halafu wanayaacha. Basi. Hakuna kuchota udongo wa chumvi kama kwetu Ivuna, hakuna kuuchuja, hakuna kuchochea moto. Jua linayanywa maji siku baada ya siku, na chini inabaki chumvi nyeupe mpaka inaumiza kuitazama. Lundo moja lilikuwa refu kuliko nyumba yetu. Nilizunguka lile lundo mara mbili, nikatafuta na nyuma ya kibanda, mwisho nikauliza, "Sasa majiko yenu mmeyaweka wapi?"

"Majiko ya nini tena, mwalimu?"

"Si ya kuchemshia chumvi?"

Walicheka wale akina mama mpaka mmoja akaachia reki yake. Bi Zuhura akanyoosha kidole juu. "Jiko letu lile pale. Na kuni zake hatuendi kuzikata."

Mama, nilikaa juu ya tuta nikalia mbele za watu. Nilikuona umeinama kwenye vyungu, moshi umekujaa usoni, unafuta macho kwa ncha ya kitenge na kuniambia nikae upande wa upepo. Nikamwambia Bi Zuhura kwamba laiti ungezaliwa huku, macho yako yangekuwa mazima. Akanitazama kama mtu anayemtazama mtoto.

"Unadhani sisi tulipona? Jua juu, weupe chini, miaka thelathini. Mimi yaliziba yote mawili. Nilikuwa nikishikwa mkono kwenda chooni."

Kumbe yule mama aliyenionyesha nyumba, akanihesabia funguo moja moja, alikuwa kipofu mwaka juzi! Alifanyiwa upasuaji wa mtoto wa jicho, moja kwanza, kisha la pili. Nikamweleza uliyoambiwa kule kisimani, kwamba jicho linang'olewa, linawekwa kwenye sahani, na wakati mwingine wanasahau kulirudisha. Alicheka, halafu akaacha kucheka.

"Mwambie mamaako halitolewi. Nilikuwa macho, namsikia daktari anazungumza habari za mpira na mwenzake. Sahani niliyoiona mimi ilikuwa ya wali, nilipomaliza. Lakini mwambie na mimi niliogopa. Nilitoroka mara mbili."

Kwa hiyo mnalingana, ila yeye kaacha kutoroka.

Alhamisi tuliwavusha wanafunzi kwenda Kilwa Kisiwani kwa boti ya injini. Ni mwendo mfupi, lakini mimi wa nchi kavu nilishika ubao kwa mikono miwili, na darasa zima likaniimbia wimbo wa kunitia moyo. Nilipofika juu kwenye magofu niliacha kuona aibu. Nimeifundisha Kilwa hii darasani bila kuiamini, nikidhani ni maneno ya mtihani. Ipo, Mama! Msikiti wa mawe, nguzo baada ya nguzo, kuba baada ya kuba, na mwanga unaingia juu palipobomoka. Nilivua viatu ingawa hakuna aliyeniambia. Dada anayetembeza wageni alituambia mawe yale yalitolewa baharini. Yakiwa mabichi yanachongeka kama muhogo, yakipigwa na hewa yanakuwa magumu. Na chokaa yake ni ya kuchoma kwa kuni nyingi, hapo ningependa uwepo uwaulize maswali yako. Kisha jumba la mfalme, ukingoni juu ya maji, lenye bwawa la kuogea la pembe nane. Watu walikaa pale wakipokea dhahabu ya kusini na vyombo vya Uchina, na vigae vya hivyo vyombo mpaka leo unavikuta ardhini. Nilishika kimoja chenye ua la buluu, nikakirudisha pale pale. Moyo ulinidunda kama nimeshika mkono wa mtu.

Pamoja na barua hii dereva wa basi atakuletea vitu viwili. Cha kwanza ni chumvi ya huku. Najua utaionja na kusema ya Ivuna ni tamu zaidi, nami sitabisha. Cha pili ni mkeka aliousuka Bi Zuhura mwenyewe. Upitishe mkono taratibu. Upande mmoja umekwenda kombo na una mafundo, hapo alikuwa haoni. Ukifika katikati vidole vyako vitajua ni wapi alitoka hospitali.

Nilipokuwa na miaka sita ulinipandisha lori la chumvi tukaenda Mbozi kuona kimondo. Watu walikuambia usihangaike, ni jiwe tu, wakakueleza ukubwa wake na rangi yake. Ukawajibu, "La kusimuliwa silitaki, nataka la macho yangu." Tulipofika ukaligonga, ukasikiliza, ukaniambia hiki si jiwe, hiki ni chuma. Mimi nimekuwa mwalimu kwa sababu ya siku ile.

Sasa sikiliza. Kule Kisiwani niliona kitu kimoja kilichonishinda kuliko vyote nilivyoandika humu. Sikukiandika, na sitakiandika. Amos, usinipigie kuniuliza. Atakayekionyesha ni mimi, na atakayekiona ni Mama.

Nisalimie shangazi anayekuazima vyungu, na mwambie wiki hiyo ya Vwawa aviweke kwake. Msalimie wifi yangu, mke wa Amos, na akina mama wa kwaya wanaokushika mkono kwenda kanisani, nawashukuru mno. Msalimie na jirani yetu mzee wa ng'ombe, aliyekuambia habari za sahani. Simchukii.

Nimeogopa sana, Mama. Naogopa nitarudi likizo unipapase uso ili unijue. Nenda Vwawa. Ukipona, likizo ikifika Amos akulete hapa Kilwa Masoko. Nitakuja stendi kukupokea, lakini utakaposhuka kwenye basi sitakuita wala sitakupungia mkono. Nitasimama kimya katikati ya watu mpaka unione.

Anayekusubiri stendi,
Tumaini wako