Nilimwandika Mzee Wafula Bokoli

Jumatano, Kitale. Mvua haijakatika tangu asubuhi. Niko saiba, kwenye kompyuta za kulipia, mimi na mhudumu anayesinzia.

Nilimaliza kidato cha nne bila kuinua mkono darasani hata mara moja. Nilidhani uoga wangu unaniumiza mimi tu.

Mwezi uliopita ofisi ya chifu ilinichukua nisaidie kuandikisha wazee waliostaafu na walemavu, kila mmoja katika eneo analoishi, ili ijulikane msaada upelekwe wapi. Nilipewa mtaa wa Kipsongo, hapa Kitale. Mzee Wafula alikuwa wa pili kwenye foleni. Alikuwa mpasua mbao mpaka msumeno ulipomkata mguu. Ameishi Kipsongo tangu kabla sijazaliwa.

Fomu iliuliza mtu anaishi wapi. Mimi nikauliza, kwa sauti ndogo, nyumbani kwake ni wapi.

"Bokoli! Kwani unaniona kama mtu hana kwao? Baba amezikwa huko, na mimi mtanipeleka huko huko." Foleni ikacheka. "Si uandike, msichana! Ama unaogopa kalamu?"

Kwetu hakuna anayeita chumba cha kupanga nyumbani. Nilijua hilo. Mlango wa chumba chake niliuona kutoka pale nilipoketi. Lakini watu walikuwa wananitazama, nikaona haya kuuliza mara ya pili.

Nikaandika Bokoli.

Jana orodha ilirudi kutoka Bungoma, kaunti iliko Bokoli. Majina yalisomwa Bokoli mbele ya watu, na la Mzee Wafula halikuitikiwa. Limekatwa kwa kalamu nyekundu. Pembeni wameandika: "Hayupo. Labda alikufa."

Leo asubuhi nilimpita ameketi mlangoni, mkongojo umeegemea ukuta.

"Karani wangu! Bado hawajaniita?"

"Bado, mzee."

Bado! Nilisema hivyo nikimtazama usoni. Akanipa hindi la kuchoma, ati nisitembee na njaa. Nilitafuna lote njiani, na sijui kwa nini hilo ndilo linaloniuma zaidi.

Orodha inafungwa Ijumaa.

Kesho nitaanzia kwake. Nitamwambia ni mimi niliyekosea, hata akinifokea mbele ya majirani. Kisha tutakwenda ofisini pamoja, kwa mwendo wa mkongojo wake, na mlango nitaugonga mimi. Nimejifunza maneno yenyewe hapa, midomo ikicheza bila sauti: huyu hapa, yuko hai, anaishi Kipsongo.