Mwalimu wa Kweli Anakuja Lini?

8 Januari

Mama mpendwa,

Shikamoo. Natumaini maumivu ya mgongo yamepungua na saluni inajaa. Mimi mzima, ila miguu inawasha. Ulinikataza simu kwa kuwa kwenye simu kila siku mimi ni "salama tu", basi nakuandikia na nitasema kweli.

Kozi imeanza huku ugenini. Asubuhi tunafundishwa namna ya kumfundisha Kiingereza mtu mzima aliyekuja na lugha yake nyingine. Mchana tunapewa darasa la watu halisi, na mkufunzi anakaa nyuma akiandika. Wenzangu wote walizaliwa ndani ya Kiingereza. Mimi peke yangu nilikipata kwa jasho.

Juzi ilikuwa zamu yangu ya kwanza. Nimesimama mbele, dereva mmoja wa lori, pande la mtu, akanyoosha mkono. "Samahani dada, mwalimu wa kweli anakuja lini?" Alidhani nimeinuka kufuta ubao. Darasa likacheka, nami nikacheka. Lakini tangu siku hiyo situlii. Hata barua hii naiandika nimesimama dirishani, chai imepoa.

Niliacha uhasibu, nikaacha duka la dawa. Hii sitaki kuiacha.

Mwanao,
Kiguu

21 Januari

Kiguu wangu,

Marahaba. Mgongo ni uleule, tumeshazoeana. Saluni inakwenda, ila wasusi wawili wamenuniana na mimi niko katikati kama kitana.

Huyo dereva mwambie mama yako kasema mwalimu ni wewe. Wateja wangu wote nimeshawatangazia, usinitie aibu. Hata hivyo nakujua. Jina hilo nilikupa hujaanza kusimama, kila ukitambaa unaelekea mlangoni. Uhasibu ulisema hewa nzito. Duka la dawa ukasema kuta zinakubana. Basi ukichoka usijitese, mwanangu. Chumba chako nimekipaka rangi, kitanda kipo. Rudi tu.

Unakula? Usinidanganye.

Mama yako

5 Februari

Mama,

Shikamoo. Afya ninayo, moyo ndio sina.

Nimeshindwa. Somo langu la tatu mkufunzi kaandika "halijafikia kiwango". Nilikuwa nakimbiza maneno ili nisikike kama wenzangu. "Unawaonyesha unavyojua," aliniambia. "Wao watazungumza lini?" Tena dereva amekwenda ofisini kuomba ahamishwe, eti anataka aliyezaliwa na Kiingereza. Wamempeleka kwa mwenzangu tunayemwita Mpole. Yeye hana kosa, hata aliniletea biskuti. Nilizitafuna kwa hasira.

Hicho chumba ulichokipaka rangi nakiota macho wazi. Nimefungasha. Nitajibanza kwanza kwa rafiki yangu anayefua mashuka hotelini, nimsaidie huko siku chache, kisha nakuja. Usijibu.

Mwanao,
Kiguu

14 Februari

Kiguu,

Sikusalimii.

Barua hii naituma chuoni kwa sababu ndiko ninakotaka ikukute. Usije. Chumba nimempangisha muuguzi, binti mtulivu, ameshatundika mapazia yake. Nilipomkabidhi ufunguo nililia, kisha nikanawa uso nikaenda kusuka vichwa vya watu.

Usiseme sikutaki. Ukija leo utalala usingizi mzuri wiki mbili, halafu utaanza kutazama mlango, na mimi nimechoka kukuona ukitazama mlango. Hii ndiyo kazi ya kwanza uliyoniambia hutaki kuiacha. Nimeisoma barua yako mara nyingi, ndivyo ulivyosema.

Kaa hapo. Kama ni kufeli, feli umekaa.

Mama yako, usisahau

30 Machi

Mama,

Shikamoo. Sikukujulia hali muda wote huu kwa kuwa nilikuwa nimekasirika. Chumba changu! Na mapazia!

Barua yako aliileta mkufunzi mwenyewe, mpaka kwenye mashine za kufulia; rafiki yangu ndiye aliyemwelekeza. Hakunibembeleza. "Nafasi yako ipo mpaka Jumatatu," akasema, akaondoka. Sikuwa na pa kwenda, Mama, basi nikarudi darasani.

Siku moja nikamkuta dereva kwenye korido. Nikamuuliza anaendeleaje kwa Mpole. Anaelewa kila kitu, akasema, ila kazini akiitwa kwa redio ya lori anaizima. "Nikijibu wananicheka. Nasingizia mawimbi mabovu."

"Mimi shuleni nikiulizwa jina langu kwa Kiingereza nilijifanya kiziwi," nikamwambia.

Akanikazia macho. "Kwani wewe ulijifunza kama sisi?"

"Kama ninyi. Kwa kuchekwa."

Somo la mwisho nilipanga viti viwili viwili, migongo ikigusana: mmoja dereva, mmoja ofisi, hakuna kuonana, kama redioni. Naye dereva akatoka kwa Mpole akaja. Zamu yake sauti ikakwama. Mwenzake, mama mmoja mpishi, akasema hajasikia. Akarudia. Hajasikia. Dereva akainuka, nikajua anatoka. Ulimi uliniwasha nimsemee, nikaung'ata. Akabaki amesimama, akaanza upya, polepole: barabara imefungwa, atazunguka, atachelewa. Mpishi akajibu, "Nimekupata." Dereva akakaa, akafuta jasho, akasema, "Tena."

Nimefaulu, Mama. Si kwa kishindo; mkufunzi ameandika "inatosha". Dereva karudi kwa Mpole, anasema matamshi yake ni matamu. Lakini redio haizimi tena. Mimi nimepata darasa la jioni kwenye kiwanda cha viatu, mkataba wa mwaka. Miguu bado inawasha, ila sasa naitembeza kati ya madawati. Sitaweza kuja kabla mwaka haujaisha. Utanivumilia?

Mwanao,
Kiguu

18 Aprili

Mwalimu,

Marahaba, marahaba sana. Barua yako niliisoma saluni kwa sauti, nikasahau mteja chini ya draya. Nywele zimeungua kidogo, amenisamehe kwa ajili yako.

Mwaka ni mrefu. Nilijaribu kuuvumilia nikashindwa, nikaenda kuomba pasipoti. Usishtuke. Muuguzi ananiambia uwanja wa ndege nitaulizwa kwa Kiingereza nimefuata nini. Alijitolea kunifundisha, lakini nikikosea anaangua kicheko mpaka anashika ukuta. Nimemfukuza jikoni.

Niandikie wewe, kwa herufi kubwa, maneno yasibanane, jinsi ya kusema: "Nimekuja kumwona binti yangu."

Hilo tu kwanza. Mengine utanifundisha nikifika.

Mama yako