Pampu ya Bibi Imemeza Hewa

Shikamoo Baba,

Usiwashe pampu ya beseni la maji moto kabla ya kumaliza kusoma hapa. Ikizunguka kavu itaungua, na Bibi atakosa pa kuloweka magoti yake leo.

Haijafa, imemeza hewa. Jana nilijaza beseni kwa ndoo badala ya kupitisha mpira wa maji kwenye tundu la chujio, hewa ikabaki ndani ya bomba. Kosa ni langu. Ila asubuhi uliposema, "Shahada yako iko ukutani, maji hayapandi," iliniuma. Bahati nzuri Bibi alikujibu: "Na wewe umeipiga teke mara tatu, yamepanda?"

Zima umeme. Legeza nati ya juu ya pampu, nusu mzunguko tu. Itapiga mluzi. Maji yakianza kutoka, kaza, ndipo uwashe.

~~Ukishindwa, nisubiri.~~

Hutashindwa. Ndivyo ulivyonifundisha kutoa hewa kwenye dizeli ya lori lako. Nimekumbuka nikiwa tayari nimevaa suruali ya usaili. Wakiniuliza ufundi nilianzia wapi, nitawaambia chini ya lori la baba yangu.

Mwanao,
kifungua mimba