Deo Yuko Inivesite, Bihogo Iko Mulangoni

Papa Deo, mume wangu,

Huko uliko hakuna kuchunga wala kukamua, kwa hiyo leo hauna sababu ya kunikimbia katikati ya neno. Kaa chini, unisikilize. Ninaandika kwa mukono wangu mwenyewe, ule mukono masista walifundisha kuandika mbele wewe haujakuja kunichumbia. Kama kuna herufi zinalala, ziache zilale.

Habari kubwa nitaisema mara moja, juu nikiiweka itanipasua kifua: mutoto wetu ameanza inivesite. Deo! Yule Deo alikuwa analamba siagi kwa kidole nyuma ya mugongo wangu. Yuko Leopoldville, ndani ya nyumba wanaiita oditwari, mabenchi yanapanda kama mashamba ya Kingi kwenye mulima, na profesa anasimama chini kabisa kama muntu ameanguka bondeni. Kutoka Bweremana mpaka Walikale, nitafutie mama mwingine mwenye mutoto kule. Hayuko. Nimeuliza.

Anasoma nini? Nilijua utauliza, juu Masisi nzima imeniuliza. Anasoma maandiko ya lugha zilizozaliwa na Kilatini, nyimbo zake na hadisi zake, tangu zamani za zamani. Watu ninawaeleza hivi, na wewe utaelewa kuliko wote: Kilatini ni ng'ombe mama. Alikufa zamani, sauti yake tunaisikia kwenye Misa tu. Lakini aliacha ndama: Kifaransa, Kitaliano, Kispanyoli, Kireno, na wengine sijui rangi zao. Kila ndama na maziwa yake, na Deo anajifunza kukamua wote. Mama Safi wa Kingi, yule anatuleteaka maharagi, nilimweleza hivyo akaacha kupepeta. Akasema, "Na hayo maziwa, mutayakunywa lini?" Nikamwambia, "Wewe pepeta."

Nilimsindikiza mimi mwenyewe mpaka Kashebere, baada ya kukuzika. Kamio, lile gari kubwa la mizigo, ilikuwa inashusha mafuta mekundu ya ngazi ya Walikale na kupandisha maharagi. Deo alikaa juu ya magunia na koti lako. Ndiyo, lako, lile la kwenda kanisani. Mikono ilikuwa mifupi kwake. Ulimzaa murefu, ukajifanya umesahau kumununulia koti. Alinipungia mukono mpaka kamio ikakunja kona, na mimi nikapunga hata kona ilipobaki peke yake. Kisha nikasema na wale wanawake wa mafuta kwa sauti, "Yule anaenda inivesite," juu kama singesema kitu ningelia.

Unakumbuka neno lako la mwisho juu yake? Ulikuwa umelala na kile kikohozi, mvua inapiga, nikakusomea kwamba wamemukubali. Kisha ukasema, "Aende. Ila asiache kusema majina."

Majina! Papa Deo, kama kuna kitu kimenyamaza hapa nyumbani, ni kile. Kila jioni ulisimama mulangoni mwa lupango, zizi letu, na fimbo yako, ng'ombe wanaingia, na kila mumoja unamusemea majina yake: mama yake nani, pembe zake zinapinda namna gani, alivuka muto gani, ng'ombe wa nani aliwatia haya. Mimi nilikuwa upande wa pili wa ukuta wa matete, ninasukasuka maziwa ndani ya gisabo, kile kibuyu changu kikubwa, mpaka siagi ishike. Mwanamuke hasimami mulangoni kusema majina, ninajua. Lakini masikio yangu nani aliyafungia? Gisabo yangu ilifuata mwendo wa maneno yako mpaka mikono ikayajua mbele ya kichwa.

Na ulipenda kunihadisia habari ya ujana wako: baba yako alipokufa, siku ya kutoa matanga ulisimama mulangoni kama muriti wa mali yake, ukatetemeka, ukakosea jina moja. Muzee Ruhara, aliyekuwa anawataka wale ng'ombe, akakusahihisha. Basi ikaisha hapo. Juu kwetu, muntu akikusahihisha mbele ya ng'ombe siku ile, amekuwa mwalimu wako. Hawezi tena kukupokonya. Anapashwa kukulindia mpaka ujue. Ulikuwa unacheka: "Ruhara alinikatiza neno moja, akanilisha miaka." Niliisikia hiyo hadisi mara nyingi mpaka nikachoka nayo. Sasa ninakushukuru. Utaona kwa nini.

Kaka yako Muvunyi alikuja wakati matanga yako yalikuwa bado katikati. Nilimupa maziwa, hakunywa. Njo nikajua kuna maneno. Akasema, "Muke wa ndugu yangu, Deo arudi. Siku ya kutoa matanga asimame mulangoni aseme majina, kama mume wako alivyosema. Asiposimama, ng'ombe wanakuja kwangu."

Nikamwambia masomo yameshaanza kule, na njia ya kurudi ni kamio na bato ya mutoni na kamio tena. Akitoka, nafasi yake itachukuliwa na mwingine.

"Angesoma udaktari wa ng'ombe, ningenyamaza," akasema. "Lakini nyimbo za Wazungu waliokufa? Zitafukuza kupe?"

"Na wewe, shemeji, majina unayasemaka kila jioni. Yamefukuza kupe gani?"

Alichukua fimbo yake, akaenda. Maziwa nikayanywa mimi.

Lakini wewe nikuambie ukweli: alipotoka, nilikaa chini. Wale ng'ombe njo muke wa Deo atakayekuja, njo mahali pa kurudia, njo jina lako mulimani hapa. Nikimwita, ninamuvunjia inivesite. Nikimwacha, anamaliza masomo anakuta lupango iko nyasi tu. Nilikuangalia pale unakaliaka. Ule mugongo wa kiti bado umepinda vile ulivyoupinda. Haukuniambia kitu. Hata ulipokuwa muzima, wakati kuna maneno magumu ulikuwa unaniachia mimi na kwenda kuangalia kama kuna ndama amepotea.

Kisha barua ya Deo ikafika na kamio ya Kashebere. Aliandika habari ya siku ya kwanza. Nitakupa yote, hata pale panapouma.

Anasema oditwari ilijaa vijana wa kila upande, wa Elisabethville, wa Stanleyville, wa Kasai, na Wazungu pia, wote na kaye mpya za kuandikia na wote wanaogopa, lakini kila mumoja anajifanya mwenzake njo anaogopa. Profesa akaanza na waimbaji wa zamani wa kusini ya Ufaransa, waliokuwa wanatembea kutoka kwa mufalme huyu mpaka kwa yule, wanamusifu mwanamuke ambaye hawatamuoa kamwe. Akauliza: na kwenu, nani anatunga maneno ya sifa, na anamusifu nani? Deo wetu akainua mukono. Akasema, "Kwetu tunasifu ng'ombe."

Wakacheka! Kijana mumoja wa Elisabethville akamupigia kelele, "Kaka, kwenu munaoa ng'ombe?"

Na Deo, mutoto wangu mimi, ulimi ameutoa kwangu na usibishe, akamujibu, "Hatuwaoi. Lakini bila wao hauoi."

Oditwari nzima ikaanguka kwa kicheko, na profesa pia. Kisha akamuomba aseme. Deo akasimama katika lile joto, na koti lako, akasema majina ya ng'ombe wetu Bihogo, kwa lugha yetu, kutoka kichwa mpaka mukia. Aliniandikia hivi: "Mama, nilisikia sauti ya Papa inatoka kinywani mwangu, nikakaa haraka."

Hapo niliweka barua chini, nikaenda kuangalia kama maharagi yanaungua. Hakukuwa maharagi jikoni.

Chini ya karatasi aliandika: "Baba mukubwa Muvunyi ameniandikia maneno yake. Ukisema nirudi, narudi. Sema wewe, Mama."

Sikuomba shauri la muntu. Ulikuwa umeshasema, "Aende." Nilimujibu kwa karatasi ndogo, kwa herufi kubwa: KAA. SOMA. NG'OMBE NI KAZI YANGU.

Siku ya kutoa matanga padri alikusomea Misa, tukaimba kile Kilatini, na mimi nikaimba kwa nguvu kuliko wote, juu sasa ni mambo ya familia yetu. Kisha watu wakaja nyumbani. Muvunyi alisimama karibu na mulango wa lupango, amevaa vizuri, tumbo mbele. Ng'ombe wakaanza kupanda kutoka malishoni. Akasema mbele ya wote, "Deo iko wapi? Nani anasema majina ya ng'ombe wa ndugu yangu?"

Nilikuwa nimekaa mahali pangu, upande wa pili wa matete, gisabo juu ya magoti. Nikaanza kusukasuka. Na nikaanza kusema.

"Ni nani huyo?" muzee mumoja akauliza.

"Ni Deo," nikajibu. "Kinywa njo cha mama yake."

"Mwanamuke hasemi mulangoni!" Muvunyi akapiga kelele.

"Siko mulangoni, shemeji. Niko kwa gisabo yangu. Nani alikataza mwanamuke kutengeneza siagi?"

Mama Safi, aliyekuja na kikapo chake kizima cha maharagi kwa ajili yako, alicheka mpaka akashika ukuta wa nyumba. Wazee wakacheka kidogo ndani ya mikono. Ng'ombe walikuwa wanaingia, hawangoji muntu. Nikaendelea. Nilimusema kila mumoja, Papa Deo, na gisabo ikifuata. Sikutetemeka. Wewe ulitetemeka, mimi hapana.

Bihogo akaingia wa mwisho, vile anapendaka, na tumbo yake kubwa ya ndama. Nikapandisha sauti: "Bihogo, binti wa Gaju..."

Unacheka? Ngoja.

Unajua, na mimi ninajua, na kila muntu aliyekula kwetu anajua, kwamba mama ya Bihogo ni Gitare, ile ng'ombe nyeupe Muvunyi alikupa mwaka wa ndoa yetu. Ataachaje kujulikana? Kaka yako hajawahi kumaliza sahani moja nyumbani kwangu bila kuikumbusha. Gitare hapa, Gitare pale. Na mimi, mbele ya wazee wote, nikamufuta.

Muvunyi aliruka kama amekanyaga siafu. "Hapana! Gaju gani? Ni Gitare! Gitare wangu, mweupe kama ukungu wa asubuhi, nilimutoa kwa mukono wangu huu!" Na akashika njia ya majina. Akafumba macho, akainua fimbo, akasema majina ya Gitare, na ya Bihogo, na mama ya Gitare, vizuri kabisa, sitamunyima, ile sauti ya kwenu munayo wote. Mimi nikapunguza mwendo wa gisabo, nikamupigia polepole ili asichoke njiani.

Alipomaliza, akashusha fimbo. Kisha muzee Ruhara, yule yule Ruhara wako, leo hana meno hata moja, akaanza kucheka. "Muvunyi," akasema, "umeshafundisha."

Muvunyi akafumbua macho. "Nimefundisha nani?"

"Mwanafunzi wako iko Leopoldville."

Ee, Papa Deo. Ningetoa siagi yote ya mwaka ule uone uso wake. Aliniangalia kupitia matete. Nikamuonyesha gisabo: siagi imeshika.

Basi ng'ombe wako hapa. Ni wa Deo, Muvunyi anamulindia, na anachunga vizuri, ninamuona. Na sasa njo kichekesho: anatembea mpaka Kashebere kuwaambia watu wa mafuta, "Mimi njo mwalimu wa yule wa inivesite!" Kila mara Deo akiandika, anakuja, anakunywa maziwa yangu yote, na kuniambia, "Mwandikie jina hili, asikosee." Ninaandika. Deo anamujibu kwa heshima nyingi na kumuuliza mengine. Mutoto ana akili. Ulimi na akili, vyote kwangu. Wewe ulileta urefu.

Bihogo amezaa. Jike, nyekundu, na doa nyeupe kwenye uso kama bibi yake. Muvunyi alitaka kumupa majina siku ile ile. Nikakataa. Nikasema ndama huyu atangoja.

Njo ahadi yangu. Huyu ndama hatapewa majina mpaka Deo arudi na kuyatunga mwenyewe, akimaliza lugha zake zote. Na mimi sitamuita mbele ya wakati, hata niugue, hata nyumba iwe kimya namna gani. Jioni iko kimya, mume wangu. Ninasukasuka kwa nguvu kuliko inavyohitaji.

Sasa lala. Siku atakaposimama mulangoni, mimi nitafunga kinywa. Kwa mara ya kwanza, ndiyo. Nawe usikilize vizuri. Ukisikia amekosea mama ya Bihogo, usiamke kumusahihisha. Atakuwa amejifunza kwangu.

Muke wako,
Mama Deo