Pasaka Korongoni Njorowa

Ijumaa, 4 Aprili 1958

Ijumaa Kuu. Stesheni kimya. Nimepika ugali wa mtu mmoja, na bado umebaki. Tangu nihamishiwe Nakuru sijakula na mtu. Majirani hapa landi, nyumba za wafanyakazi wa reli, wanasalimia vizuri — halafu mlango unafungwa. Kanisani Mchungaji Kosgei ametangaza: Jumatatu lori litapeleka vijana Naivasha, kutembea kwenye korongo la Njorowa. Niende? Sijui.

Jumapili, 6 Aprili

Nitaenda! Mchungaji aliniuliza naenda na nani. Peke yangu, nikamwambia. Akasema huko sitakosa marafiki. Nimechemsha mayai mawili. Kisha nikaongeza mengine mawili — huenda kuna mtu atasahau chakula.

Jumatatu, 7 Aprili

Naandika ili nisitazame chini.

Asubuhi ilikuwa nzuri. Lori zima nyimbo. Mimi nyuma kabisa, naimba polepole. Tuliposhuka korongoni kila mtu alikuwa na mwenzake. Kuta za mawe zinapanda mpaka mbingu inabaki ukanda tu. Chini kijito chembamba, na mahali pengine maji ya moto yanachuruzika ukutani. Pazuri ajabu! Na hakuna wa kumwambia. Nikatangulia. Afadhali kutangulia kuliko kuachwa nyuma.

Ngurumo, mbali sana. Hapa jua linawaka! Halafu kishindo — nikadhani ni lori. Kumbe maji! Mekundu, yamebeba miti mizima. Nikaparamia ukuta, magoti yakachubuka, nikafika kwenye hili jiwe. Juu yangu mwamba umetokeza. Wenzetu waliokimbilia juu hawawezi kuniona.

Ng'ambo kuna msichana wa kwaya, naye amekwama juu ya jiwe, ameshika mguu wake. Watu wanaita kutoka juu: "Chepkurui! Chepkurui!" Wanaita, wanaita. Mimi sijaitwa.

Akawaitikia. Kisha akanigeukia. "Ndugu! Unaitwa nani?"

"Micah!"

Hakusikia, maji yananguruma. Nikarudia mpaka koo likauma. Akatikisa kichwa kukubali, amelipata jina. Akainua uso: "Na Micah yuko hapa! Leteni kamba mbili!"

Kutoka juu, sauti ya mwanamume: "Micah gani?"

Chepkurui amenitazama. Hanijui, hatujawahi kusalimiana. Lakini anawajibu — maji yamezidi kunguruma, maneno siyasikii, namwona tu akininyooshea kidole, anapaza sauti, ananyoosha tena. Maji yamefunika pale nilipokanyaga nikipanda. Bado anawajibu —